Tunapoahidi "ustahimilivu wa jamii", tunaahidi nini?

Swali: "Mimi ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, Kanda ya Ziwa. Tunaandaa andiko la mradi wa kukabiliana na ukame, na mfadhili anataka tueleze mradi utajengaje 'ustahimilivu wa jamii' na tutaupimaje. Nilipolieleza jambo hili kwenye mkutano wa kijiji, mzee mmoja alisimama akauliza: 'Tumestahimili tangu tuzaliwe. Mnataka tustahimili nini tena?' Watu wakampigia makofi, nami nikakosa jibu. Neno hili lina maana gani hasa, na nilitumieje bila kuwadhihaki watu ninaowahudumia?"

Jibu:

Ndugu yangu, swali la mzee huyo ndilo swali ambalo andiko lako linapaswa kulijibu, na ningefurahi kama kila mwandishi wa miradi angekutana na mzee wa namna hiyo kabla ya kushika kalamu. Yeye anazungumzia kuvumilia: kubeba mzigo uliokuwepo, mwaka hadi mwaka, kwa sababu hakuna pa kuutua. Mfadhili anazungumzia kitu kingine, ambacho Waingereza hukiita "resilience" na kwa Kiswahili tumekipa jina linalokaribiana sana na uvumilivu, ndiyo maana mkutano wenu ulikwenda ulivyokwenda. Usianze kwa kulitetea jina. Anza na kitu chenyewe.

Fikiria kaya mbili za majirani. Kila moja ina ng'ombe kumi, shamba la mtama na kipande cha pamba. Mvua inakata Januari, mtama unakaukia shambani. Kaya ya kwanza inauza ng'ombe wawili Februari, wakiwa bado na mwili na mnadani bei haijaanguka. Inanunua mahindi, inatunza mbegu, inamwachia mtoto aendelee na shule. Kaya ya pili inasubiri. Ikifika Septemba imeuza ng'ombe sita waliokonda kwa bei ya kutupa, imeuza plau, imemtoa binti shuleni akafanye kazi za ndani mjini, na imekopa magunia kwa ahadi ya kulipa mara mbili wakati wa mavuno. Mwaka unaisha, kaya zote mbili ziko hai. Kwa maneno ya kawaida zote zimestahimili. Kwa maana ya kitaalamu, ya kwanza tu ndiyo yenye ustahimilivu, kwa sababu ukame ujao utaikuta na plau, mbegu, ng'ombe wanane na mtoto darasani. Ya pili itapigwa na ukame mdogo zaidi, nayo itaanguka zaidi.

Naomba usisome mfano huo kama kisa cha mwerevu na mjinga. Mara nyingi kaya ya pili ilisubiri kwa sababu mnada uko mbali, kwa sababu mwenye mifugo alikuwa safarini na mkewe hana ruhusa ya kuuza, au kwa sababu mwaka uliopita aliyeuza mapema alijuta mvua iliporudi. Ukienda kuwahoji utakuta kila uamuzi ulikuwa na sababu yake. Hapo ndipo kazi ya mradi ilipo: kwenye barabara ya mnada, taarifa ya bei, haki ya mke kuuza. Kuwaambia watu wawe imara hakumsaidii yeyote.

Kwa hiyo, maana fupi unayoweza kuiandika bila aibu ni hii: ustahimilivu ni uwezo wa kaya, kijiji au mazingira kupigwa na janga, kuendelea kufanya mambo yake ya msingi, na kutoka upande wa pili bila kuwa dhaifu kuliko pale ulipoanza. Ukiona watu wametoka wazima lakini wametoka wakiwa maskini zaidi, usiuite hivyo.

Inafaa ujue fikra hii ilivyofika mezani kwako, kwani historia yake inaeleza kwa nini watu wanaitumia kwa maana zinazogongana. Katika karne ya 19 wahandisi waliitumia kueleza mbao na chuma: kiasi gani cha nguvu kitu kinaweza kupokea kisha kikarudia umbo lake. Mwaka 1973 mwanaikolojia wa Kanada, C. S. Holling, aliigeuza. Alipoangalia misitu na samaki wa maziwani, aliona kwamba kuuliza mfumo unarudi haraka kiasi gani hakutoshi. Swali zito zaidi ni mfumo unaweza kuchukua pigo kubwa kiasi gani kabla haujageuka kuwa kitu kingine kabisa. Msitu unaweza kuungua na ukarudi kuwa msitu. Ukiungua tena na tena, na mifugo ikala kila chipukizi, siku moja unavuka mpaka na kuwa uwanda wa vumbi, na hapo hata mvua nzuri haiurudishi.

Na huna haja ya kwenda Kanada kwa mfano. Uko Kanda ya Ziwa, na mfano ninaouheshimu kuliko yote uko Shinyanga, katika mkoa wa zamani, ule uliokuwa ukijumuisha Maswa, Meatu na Bariadi kabla ya Simiyu kuundwa mwaka 2012.

Wasukuma wana desturi ya ngitili. Kipande cha malisho kinafungwa mvua zinapoanza, majani yanakua bila kuguswa, kisha kinafunguliwa kiangazi kikikolea, hasa kwa ndama, maksai wa kulimia na wanyama wagonjwa au wazee wasioweza kwenda mbali. Ni akiba ya malisho inayokaa ardhini. Kuna ngitili za familia na kuna za kijiji. Utawala wa kikoloni ulifyeka maeneo makubwa ya vichaka na miti kupambana na ndorobo, wale inzi wanaoeneza malale. Pamba ikapanuka, kuni na mkaa vikachukua iliyobaki. Kisha katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini, wakaziacha ngitili zao kwenye mahame, na desturi iliyokuwa imefungwa kwenye umiliki wa familia ikapoteza mwenyewe. Ikafika mahali Mwalimu Nyerere akauita mkoa ule jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao uliungwa mkono na Norway na kituo cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, na ukaendelea hadi mwaka 2004. Mwanzoni nguvu iliwekwa kwenye vitalu na kupanda miche, kama ilivyokuwa kawaida ya miradi ya wakati ule. Mafanikio makubwa hayakutokea hapo. Yalikuja pale wataalamu walipokubali kujifunza kutoka kwa wafugaji na kuiweka ngitili katikati ya kazi. Chini ya ardhi mashina na mizizi ya miti mingi ilikuwa bado hai. Kilichokosekana ni pumziko na kanuni. Eneo likifungwa, miti ilichipua yenyewe. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimesalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi, na mradi ulipofungwa makadirio yalizidi hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Nakaa kwenye mfano huu kwa sababu una karibu kila kitu unachotakiwa kukieleza. Mpaka wa Holling upo: Shinyanga ilikaribia kuuvuka, ila mizizi ilikuwa haijafa. Kama kazi ingechelewa zaidi, miche yote ya vitalu isingefidia. Kanuni zipo pia, na hazikutoka wizarani: zilitoka kwenye dagashida, baraza la kimila la Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, ndio walioshika walioingiza mifugo kabla ya wakati na kuwatoza faini. Manufaa nayo yalizidi malisho: kuni karibu na nyumbani, nguzo za kujengea, nyasi za kuezekea, asali, matunda na dawa. Mwaka wa ukame kaya yenye ngitili ina vitu vya kuuza ambavyo si ng'ombe wake wa mwisho wala chakula cha watoto. Huo ndio ustahimilivu ukiuona kwa macho.

Lakini usiuandike mfano huo kwa rangi moja. Mwenye ardhi kubwa ndiye mwenye ngitili kubwa. Kaya zisizo na mifugo zilifaidi kuni na matunda ya ngitili za kijiji, ila pale kijiji kilipogawa eneo hilo kwa watu binafsi, au viongozi walipokodisha malisho na fedha zisionekane, maskini alifungiwa nje ya mahali alipokuwa akiokota kuni bure. Hapo utaona kwa nini watu wa fani hii husisitiza kwamba neno ustahimilivu likisimama peke yake halijasema kitu. Wa nani? Dhidi ya nini? Kwa gharama ya nani? Andiko lenye kichwa "kujenga ustahimilivu wa jamii" ambalo halijibu maswali hayo matatu mimi hulirudisha kwa mwandishi, hata kama limeandikwa vizuri.

"Dhidi ya nini" ndilo swali linalorukwa zaidi. Kaya nyingi zilizochoshwa na mahindi kukauka zimeegemea mifugo, na kwa ukame ni uamuzi wa busara. Kisha ikaja mvua kubwa ya mwishoni mwa 2006, na homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo na watu unaoenezwa na mbu wanaozaliana baada ya mvua kubwa, ikaenea Kenya na Tanzania mwaka 2007, minada ikafungwa, nyama ikakosa mnunuzi. Aliyejikinga na ukame alipigwa na mvua. Na mkulima wa pamba anaweza kupata mavuno mazuri akaangushwa na bei. Kwa hiyo taja janga unalolikusudia, kisha tafuta kama kinga yako haifungui mlango wa lingine.

Nigusie wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, maana pengine utaulizwa kuhusu bima na fedha taslimu. Januari 2010, Marsabit, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI na wenzake walianzisha bima ambayo haihitaji mtu aje kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, ukishuka chini ya kiwango fulani bima hulipa. Mwanzoni ililipa baada ya mifugo kufa, ili mfugaji anunue mingine. Baadaye muundo ukabadilishwa ilipe mapema, mfugaji anunue majani na maji na kuokoa aliye nao. Badiliko hilo ni somo zima la ustahimilivu: shilingi inayofika kabla ya hasara inafanya kazi kubwa kuliko inayofika baada yake. Kasoro ipo, setilaiti huona ukijani lakini haijui kama ukijani huo unaliwa. Sambamba na bima, tangu mwaka 2009 serikali ya Kenya na wahisani wamekuwa wakituma fedha kwa kaya maskini za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, na mpango huo ukaweza kupanuliwa kufikia kaya nyingine ukame unapokolea. Kwetu Tanzania njia ya karibu na hiyo ni TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, hasa kazi za muda zinapopangwa kwenye miezi ya njaa.

Pamoja na hayo yote, kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua za misimu mitano mfululizo zilishindwa katika Pembe ya Afrika. Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Watu waliofanya kila kitu sawasawa, waliohamisha mifugo mapema, waliochanganya ngamia na mbuzi, waliouza kwa wakati, nao walianguka. Nakuomba uandike jambo hili kwenye andiko lako waziwazi: kila ustahimilivu una kikomo, na ukifikiwa kinachohitajika ni msaada wa chakula, maji na fedha, haraka. Nimesoma ripoti ambazo jamii inayokufa njaa inaelezwa kuwa "haikujengewa ustahimilivu wa kutosha", kama vile kosa lilikuwa lake. Mvua kushindwa misimu mitano si kosa la mfugaji, na mabadiliko ya tabianchi yanayozidisha joto la ukame huo hayakuanzia bomani kwake.

Hapo ndipo dhihaka unayoiogopa inapozaliwa. Tunapomsifu mama anayeamka saa tisa usiku kufuata maji kwamba ni mstahimilivu, tunageuza kukosekana kwa kisima kuwa sifa ya tabia yake, na sifa ikishatolewa hakuna tena anayeona haraka ya kuchimba kisima. Usilitumie neno hili kumsifu mtu kwa taabu ambayo mwenye wajibu angeweza kuiondoa. Litumie kueleza kitu kinachoongezwa kwake: akiba, njia ya pili ya kipato, haki ya ardhi, taarifa, watu wa kumsaidia.

Hata katika saikolojia, ambako wengi hudhani ustahimilivu ni ugumu wa moyo wa mtu binafsi, ushahidi unaelekea huko huko. Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Miongoni mwa waliokulia katika umaskini na misukosuko mikubwa ya nyumbani, takriban theluthi moja walikua wakawa watu wazima wenye afya, kazi na upendo. Jambo lililojitokeza tena na tena katika maisha yao lilikuwa angalau mtu mzima mmoja wa kutegemewa: bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Mradi wako ukigusa watoto, kumbuka hilo kabla ya kununua vitabu vya "stadi za maisha".

Sasa kipimo, ambacho najua ndicho kinachokunyima usingizi. Wafadhili wengine watakupa fomula yenye viashiria vingi vinavyojumlishwa kuwa namba moja. Kama wanailazimisha, ijaze, ila usiitegemee kukuambia kitu. Ustahimilivu hauonekani siku njema. Unaonekana janga likija, kwa hiyo unachopima ni nyendo za kaya wakati wa janga na baada yake.

Kipimo rahisi na kilichozoeleka kinatokana na utafiti wa Daniel Maxwell jijini Kampala miaka ya 1990. Unamuuliza mpishi wa nyumba: katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi mlikula chakula msichokipenda kwa sababu ni cha bei nafuu? Siku ngapi mliazima chakula au kutegemea ndugu? Siku ngapi mlipunguza kiasi cha kila sahani? Siku ngapi wakubwa walijinyima ili watoto wale? Siku ngapi mliruka mlo? Katika toleo fupi linalotumika nchi nyingi, kuazima kunahesabiwa mara 2, wakubwa kujinyima mara 3, na mengine mara 1. Jumla ikipanda, kaya inaumia. Nakushauri umuulize mama au yeyote anayepika, wala si baba mwenye nyumba. Majibu hutofautiana kuliko unavyotarajia.

Ongeza maswali yako mwenyewe ya mali. Mwaka wa ukame uliuza nini kwanza, nini pili, nini mwisho? Anayeanza na kuku na mbuzi na kubaki na maksai ana nafuu. Anayeuza jembe, mbegu au ardhi amekata mguu wa mwaka ujao. Ilichukua misimu mingapi kurudisha ulichouza, na kuna ambacho hakikurudi hadi leo? Yuko mtoto aliyeacha shule mwaka ule, na je, alirudi? Gawanya majibu kwa wanawake na wanaume wenye nyumba, wenye mifugo na wasio nayo. Wastani wa kijiji utakufichia kaya ya pili niliyokueleza juu.

Kwa upande wa kile mtakachofanya, siwezi kukuchagulia nikiwa mbali, ila kama vijiji vyenu vina maeneo ya ngitili, anzeni na usalama wake kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya pamoja na kaya kupata hati za hakimiliki za kimila. Ngitili isiyo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi hugawanywa siku ardhi ikipanda thamani, na ikigawanywa hairudi. Hakikisha majina ya wake yamo kwenye hati za familia. Baada ya hapo ndipo mzungumze vikoba (vikundi vya kuweka na kukopa), mbegu za mtama unaokomaa mapema na josho.

Na utafiti wako wa awali usiufanye Julai pamba na mtama vikiwa vimevunwa, kila nyumba ikiwa na gunia. Nenda Januari na Februari, ghala zikiwa tupu na palizi ikiwa imepamba moto, urudie miezi hiyo hiyo kila mwaka wa mradi, pamoja na mwaka mmoja baada ya fedha kuisha. Iwekee bajeti safari hiyo ya mwisho tangu sasa, maana mradi ukishafungwa hakuna atakayekupa nauli.